Mti wa Kahawa Uani kwa Mama Sikujua

Habari za kifo cha Mzee Mrisho zilinikuta nikimfokea mpangaji. Kijana wa watu, mwalimu wa sekondari, mpole kabisa, alikuwa amepigilia misumari ukutani ili atundike televisheni yake, nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, kanga begani, nikimweleza kwamba ukuta wa mwenzio hautobolewi kabla ya kuuliza, kwamba katika nyumba ya kupanga mtu anatengeneza kile atakachoweza kuondoka nacho, pazia na mkeka, na yale yasiyoondoka anamwachia mwenye nyumba ahangaike nayo. Simu ikalia katikati ya hotuba. Sauti ya mwanamke ilijitambulisha kuwa ni Mwanaidi, binti wa Mzee Mrisho wa Tunduma, kwamba namba yangu ameipata kwa mpwa wangu anayeuza mchele pale mpakani, kwamba mzee ametangulia mbele ya haki na ameshazikwa, na arobaini yake itasomwa nyumbani, nikijaliwa nifike. Nilimwambia mwalimu aendelee na misumari yake. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, na kitu kilichoniuma kwanza ni kwamba maneno yote niliyokuwa nikimfokea yule kijana yalikuwa ya marehemu. Sikuwa nimeongeza langu hata moja.

Niliishi Tunduma mwaka mmoja tu. Ni mwaka ule treni za reli mpya zilipoanza kusimama pale, na mume wangu Ambokile alikuwa amepata kazi ya ukarani wa mizigo stesheni. Tulikuwa tumeoana karibuni, wote Wandali wa Ileje, tumeshuka kutoka milimani na sanduku la bati, godoro la sufi na sufuria tulizopewa harusini. Mji wenyewe ulikuwa mdogo na wenye vumbi, malori ya mafuta yamepanga foleni kuelekea ng'ambo, wanawake wa Zambia wanavuka asubuhi na mabeseni ya kapenta, dagaa wa kwao, wakimwamkia kila mtu "mulishani mukwai", na vyumba vya kupanga vilikuwa adimu kama sukari. Kila mtu stesheni alituambia jambo moja: kamtafuteni Mzee Mrisho.

Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, aliyefika Tunduma akiwa utingo wa malori, akavunjika mguu, akabaki. Alivaa kofia ya kitani iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na alichechemea huku akisalimia kila mlango kwa jina la aliyemo. Watu walimwita dalali, lakini yeye jina hilo alilikwepa, maana siku zile redio ilikuwa inawasema wanyonyaji asubuhi na jioni, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na masikio marefu. "Mimi si dalali," alisema, "mimi ni mtu anayejua nani anahama." Ujira wake ulikuwa kipande cha sabuni au jogoo, na hata hivyo alipokea akiwa ametazama pembeni, kana kwamba jogoo huyo amepotea njia akaingia mkononi mwake mwenyewe.

Ambokile alikuwa ameshaiona nyumba aliyoipenda, imepakwa rangi ya buluu kando ya barabara, ina dirisha la vioo. Nami niliipenda, sitaki kusema uongo. Mzee Mrisho alikataa kutufungulia. "Hiyo nitawaonyesha mvua ikinyesha," alisema, na akatuacha tukilala kwenye ghala la stesheni tukingojea mawingu. Ambokile alilalamika, akasema mzee huyu anatufanya watoto. Mvua iliposhuka kweli, kubwa ya mwanzo wa msimu, tukamwona anakuja amejifunika jani la mgomba, anatuita kwa mkono. Tulisimama ndani ya ile nyumba ya buluu, yeye akaelekeza fimbo chini ya ukuta, hakutazama bati hata kidogo. Maji yalikuwa yanaingia taratibu kutoka upande wa barabara, yanapita chumbani, yanatokea jikoni, yamezoea njia yao. "Juu panazibwa," alisema. "Chini pakishakuwa mto, ni mto. Na rangi mpya mahali ambapo hakuna sikukuu, muulize mwenye nyumba anaficha nini." Mimi mpaka leo sinunui wala sipangi nyumba kiangazi.

Kutoka pale, katika mvua ileile, alitupeleka nyuma ya barabara ya Sumbawanga kwa Mama Sikujua. Huyu alikuwa mama wa Kinyiha kutoka Mbozi, mjane, mpana, mwenye sauti nzito. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi zilizopakwa udongo mweupe, bati juu, vyumba viwili upande wetu na viwili upande wake, na uani jiko la pamoja lililoezekwa nyasi. Kabla hatujakaa, Mzee Mrisho alimwambia, "Haya, sema." Mama Sikujua akaanza kuitukana nyumba yake. Mlango wa nyuma unagoma mvua ikinyesha. Kuku wanalala ukumbini na hawahami. Moshi wa jikoni unarudi ndani upepo ukitoka Zambia. Yeye mwenyewe anakoroma. "Nimemaliza," akasema. "Sasa mazuri yake mtayaona wenyewe." Baadaye nilijua kwamba ndivyo Mzee Mrisho alivyowafunza wenye nyumba wote aliowahudumia: ubaya utoke kinywani mwako siku ya kwanza, la sivyo mpangaji ataugundua mwenyewe na kila mara akiugundua atakuona mwongo. Tulikula pale jioni ile, ugali wa ulezi na maharage yaliyoungwa karanga, sote kwenye sinia moja, maana hilo nalo lilikuwa sharti la mzee. Alisema watu wasioweza kula pamoja mara moja wasijaribu kuchangia choo. Alitutazama tulivyokula, na alipoona mama anasukuma maharage upande wangu, akabana fimbo yake kwapani akaondoka.

Mwaka ule ninaukumbuka kwa sauti za uani kuliko kwa sura. Mzee Mrisho alikuwa na desturi ya kupita karibu kila alasiri, kwani nyumba ya Mama Sikujua ilikuwa njiani kwake na chai ya mchaichai haikukosekana. Alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, na watu wenye shida za nyumba walimfuata hapo. Mimi nilikuwa chumbani nikishona, tumbo limeanza kuonekana, na ukuta wa tofali mbichi haukuwa unazuia neno. Nilimsikia akimwambia mwanamume mmoja asimpangishe shemeji yake, kwa sababu siku ya kumtoa atatoka na undugu. Nilimsikia akimwuliza kijana aliyetaka chumba, "Umeshafika kwa balozi? Anza kwa balozi. Mwenye nyumba akikuchukia unahama nyumba, balozi akikuchukia unahama mji." Nilimsikia akimfundisha bibi harusi mwingine kwamba habari za mpangaji aliyetangulia zinaulizwa kwa jirani anayeuza maandazi, haziulizwi kwa mwenye nyumba. Mama Sikujua alimcheka. "Wewe unajua nyumba za watu wote, yako iko wapi?" Naye alijibu kwamba chumba chake kina mlango, na mlango una yeye, inatosha.

Siku moja alikuja mwanamke mgeni na mtoto mgongoni. Alikuwa mke wa askari, aliyekaa katika vyumba vyetu kabla yetu, sasa wamehamia Nanyala, na alikuwa amepita tu kusalimia. Nilimkaribisha ndani kwa furaha. Aliingia, akaliona pazia langu la maua, akaona kitanda chetu kimewekwa upande ambao yeye aliweka meza, akasimama katikati ya chumba na kuanza kulia, hata kueleza hakuweza. Nilimpa maji. Alipoondoka, Ambokile alikuwa anakula kapenta barazani, Mzee Mrisho yuko kwenye kinu chake, na mzee akasema, si kwa ukali, "Ndiyo maana huwa nawaambia wapangaji: ukishahama, usirudi kuitazama nyumba. Utakuta mapazia ya mwenzio. Hutapata ulichokiacha, na wewe utaacha machozi yako kwenye sakafu ya watu." Ambokile alitikisa kichwa akikubali, mwiba wa samaki mdomoni. Mimi niliyashika maneno yale kama nilivyoyashika mengine yote. Nilikuwa msichana wa kushika maneno.

Mtoto alizaliwa masika, mle mle chumbani, Mama Sikujua akiwa mkunga. Alikuwa wa kike, mwembamba, nywele nyingi, tukamwita Tusekile, ambalo kwetu maana yake ni tumefurahi, na kweli tulifurahi. Kitovu kilipodondoka Mama Sikujua alitaka kukifukia uani, karibu na mgomba, kama ilivyo kawaida, lakini Mzee Mrisho alikuwa ameshaniusia juu ya hilo mapema, akiwa amegeuza uso kwa haya. "Mwanangu, katika nyumba ya kupanga usizike kitu. Kitovu usizike, na Mungu apishe mbali, mtu usizike. Ukizika umejifunga, na mwenye nyumba naye umemfunga." Kwa hiyo nilikikausha kile kitovu, nikakifunga katika kitambaa, nikakiweka ndani ya sanduku la bati nikisubiri barabara ya Ileje ikauke nikakizike kwetu milimani.

Barabara haikukauka upesi. Tusekile alishikwa na homa akiwa bado hajaweza kushika kichwa. Tulimpeleka zahanati, tukapewa dawa, tukarudi, na asubuhi Ambokile akaitwa kwenda na treni ya mizigo upande wa Mbeya, akaenda kwa sababu mtoto alikuwa amenyonya na homa imeshuka. Adhuhuri homa ikarudi. Mama Sikujua alikuwa anatwanga ulezi nje, na nilisikia mchi ukisimama, kisha akaingia bila kubisha, sijui alijuaje, akamchukua kutoka mikononi mwangu. Sitaandika zaidi ya hapo. Wapo watakaosoma ambao wanajua, na wasiojua Mungu awaache vivyo hivyo.

Kwetu na kwa Wanyiha desturi ilikuwa moja: kichanga huzikwa na akina mama, bila mkutano wa wanaume, karibu na nyumba, pasiwe mbali na mlango. Mimi sikuwa na mlango. Ileje kulikuwa hakufikiki, mto umebeba daraja, na makaburi ya mji yalikuwa kule porini nyuma ya maegesho ya malori, fisi wakilia hata jioni. Nilimwambia Mama Sikujua nitambeba mgongoni, nitatembea mpaka Itumba. "Utambeba nani mvua hii," akasema. "Kichanga hakipelekwi mbali na mlango, na mlango uliopo ni huu wangu." Nilimkumbusha kauli ya Mzee Mrisho. Nilimwambia, "Mama, hii ni nyumba ya kupanga." Akachukua jembe. "Mrisho anajua mambo ya nyumba," alisema akiwa ananipa mgongo, "mambo ya watoto tuachie sisi."

Tulimzika uani alasiri ile, mimi, yeye na muuza maandazi wa jirani, mvua ya rasharasha inanyesha. Nilifungua sanduku la bati, nikatoa kile kitambaa, tukamlaza na kitovu chake. Jumapili iliyofuata Mama Sikujua alitoka Mbozi na mche wa kahawa kutoka shambani kwa kaka yake, akaupanda juu. Ambokile aliporudi alikuta udongo umeshashindiliwa. Alikaa chini pale mpaka nguo zikalowa. Na tangu siku ile, mpaka nilipomzika yeye mwenyewe miaka michache iliyopita, sikumsikia akilitaja jina la mtoto yule hata mara moja. Tulipata wengine wanne, na kwa wote alikuwa baba mzuri, mcheshi, mwimbaji. Jina lile tu.

Mzee Mrisho alikuja kesho yake baada ya maziko. Niliogopa macho yake kuliko ya mtu mwingine yeyote, maana nilikuwa nimefanya kile kimoja alichonikataza kwa haya. Alisimama uani amevua kofia, mkono mmoja ameshika fimbo, akasoma dua yake kwa sauti ndogo. Kisha akaja nilipokaa. "Anaitwa nani?" akauliza. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili mpaka akalipata vizuri kwa ulimi wake wa Kimanyema, akauliza maana yake, nikamwambia. Akafikicha macho, akarudi kwenye kinu. Hakusema neno juu ya nyumba ya kupanga, wala siku ile wala baadaye.

Kisha Mama Sikujua akaanza kupofuka. Alianza kwa kumwaga chai nje ya kikombe, akitucheka sisi tulioona, mwishowe akawa anakwenda chooni kwa kushika kamba ya nguo. Binti yake Sikujua, aliyeolewa Itumba, alishuka kumchukua na kusema harudi milimani bila mama yake. Sasa nyumba ingefanywaje? Kuiacha tupu ilikuwa haiwezekani. Nyumba isiyo na mwenyewe siku zile ilitazamwa na wakubwa kwa jicho la shamba lisilolimwa, la kuchukuliwa, na wadogo wakiiona hivyo walikuja kung'oa bati. Ilibidi iuzwe, na wa kuiuza alikuwa mmoja tu, Mzee Mrisho.

Nilijua maana yake. Anayenunua nyumba ananunua na ua, na anayenunua ua anaweza kujenga choo popote anapotaka. Sikulala, sikula, maziwa yangu yenyewe yalikuwa hayajakauka. Kila alasiri nilikaa chumbani mlango nimeuegesha, nikisikiliza wanunuzi wakiingia. Nilitegemea Mzee Mrisho awaonyeshe kwanza bati, ambalo lilikuwa zima, au vyumba, ambavyo tulikuwa tumevipaka udongo upya. Hakufanya hivyo. Aliwapitisha wote kando ya nyumba moja kwa moja mpaka uani, nikasikia fimbo yake ikisimama. "Kabla sijakuonyesha mlango," alisema, "hapa amelala mtoto wa mpangaji, anaitwa Tusekile. Huo mti wa kahawa ni wake. Ukinunua, unanunua naye." Wa kwanza alicheka akidhani ni mzaha, akaondoka. Mwingine alisema Astaghfirullah. Mwingine, mfanyabiashara wa Mbeya mwenye viatu vya kung'aa, alisema nyumba ameipenda sana na jambo hili ni dogo, kaburi la kichanga linahamishwa asubuhi moja, atatoa vibarua yeye mwenyewe.

Sikujua akasema kwa upole kwamba kwa kweli mama anazidi kuwa gizani na gari la kwenda Itumba haliji kila siku. Nami ndani nilikuwa nimepiga magoti sakafuni bila kujua nilipiga magoti lini. Nilimsikia Mzee Mrisho akikohoa. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi nimehamisha watu Tunduma hii tangu barabara haijawa na lami. Nimehamisha wagonjwa, wajane, wake wawili wa mume mmoja siku moja. Wote niliwauliza kwanza kama wanataka kuhama. Huyu siwezi kumwuliza." Yule bwana akasema basi dalali huyu hataki biashara. Mama Sikujua ndipo akafungua kinywa: "Ndiyo, hataki. Nenda kwa amani."

Aliyenunua mwishoni alikuwa Bi Zuhura, mke wa dereva wa lori, mwenyeji wa Kondoa, aliyeuza vitenge vya Zambia na aliyekuwa na hofu moja kubwa maishani, kwamba mkubwa fulani ataitamani nyumba yake. Mzee Mrisho alimfikisha kwenye mche wa kahawa, akasema maneno yake yaleyale, halafu akaongeza, "Na fikiria vizuri, Bi Zuhura. Mkubwa gani atataka nyumba yenye kaburi la mtoto wa watu?" Bi Zuhura akayapima maneno yale. "Hakuna," akasema. "Basi umepata nyumba na kufuli lake," mzee akamwambia. Nilicheka kule ndani, kicheko cha kwanza tangu masika, kikageuka kilio katikati.

Bi Zuhura alikuwa na watoto wengi, akahitaji nyumba nzima. Ambokile aliomba uhamisho, tukapewa Makambako. Siku ya kuondoka nilifagia vyumba mpaka pembeni, nikajaza mtungi maji kwa ajili ya anayeingia, nikamkabidhi Bi Zuhura ufunguo mkononi, yote kama nilivyofundishwa. Nilikwenda uani. Mche ulikuwa umetoa majani mapya mawili. Mzee Mrisho alitusindikiza stesheni akichechemea, na wakati mimi napanda na sanduku, nilimwona amemshika Ambokile begani, amemvuta pembeni, anamwambia kitu kirefu. Ambokile alikuwa anatazama chini, akitikisa kichwa kukubali. Garimoshi lilipoanza kuondoka nilimwuliza Ambokile mzee amesemaje. Akaniambia ametuombea safari njema.

Sikurudi. Nilipita Tunduma mara nyingi, tulipohamia Mbeya na biashara ya mchele ikaanza, nikifika mpaka sokoni, mahali ambapo ningetembea kidogo tu nikafika. Miguu ilitaka. Nikakumbuka yule mke wa askari katikati ya chumba changu, nikakumbuka kauli ya mzee, nikageuka. Nilijiambia kwamba yeye, aliyemtetea mwanangu, hawezi kuwa amenipa ushauri mbaya. Nilipopata nyumba yangu mwenyewe na wapangaji wangu mwenyewe, nami nikawa nawaambia hivyo hivyo wanapofunga mizigo: ukishahama, usirudi kuitazama.

Kwenye arobaini nililishwa pilau, nikakaa mkekani na akina mama wa Kiislamu ambao nusu yao walikuwa wamepangishiwa vyumba na marehemu. Mwanaidi alikuja kunikalisha pembeni. Ni mwanamke wa makamo, kachukua kazi ya baba yake, simu mbili mkononi, na anachechemea vilevile ingawa mguu wake ni mzima. "Nilikutafuta muda mrefu, mama," akasema. "Baba alinisumbua sana mwaka huu wa mwisho. Twende nikuonyeshe." Nilimwambia, "Sitaki kuiona ile nyumba, baba yako mwenyewe alitukataza." Akanishangaa. "Alikukataza wewe?"

Tulitembea. Barabara ya Sumbawanga sasa ina lami na maduka ya vipuri, na nyumba ya Mama Sikujua haipo, iko nyingine ya tofali za kuchoma, yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Ndani ya geti kuna mlango mdogo wa kupita mtu. Mwanaidi aliusukuma, ukafunguka. "Huu haufungwi mchana," akasema. "Nyumba hii imeuzwa mara kadhaa tangu Bi Zuhura, na kila mara aliuza baba. Kila mnunuzi anafikishwa kwanza kwenye mti, anaambiwa jina, halafu anaambiwa sharti: mama wa mtoto anaruhusiwa kuingia siku yoyote ya Mungu, asibishe, asiulizwe. Asiyekubali hauziwi. Baba alisema alimwambia mumeo stesheni, siku mnaondoka. Akawa anashangaa mbona huji. Akasema labda umehama nchi."

Nilisimama na mkono kwenye lile geti. Ambokile. Alikuwa amesikia yote na kunyamaza, miaka yote ile, kitandani pamoja, mezani pamoja. Naamini alifanya kwa huruma. Naamini aliona kwamba nikijua mlango uko wazi sitakaa Makambako hata wiki, nitakuwa mwanamke wa njiani, nusu huku nusu kule, naye hakuwa na nguvu ya kulisikia lile jina kila ninapotoka na kila ninaporudi. Naamini hivyo kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu siwezi tena kumwuliza.

Mti ulikuwa mrefu kuliko nyumba ya zamani. Ulikuwa umekatwa na kuchipua, umekatwa na kuchipua, shina nene kama paja, na kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu. Mwenye nyumba wa sasa, mama kijana tu anayeuza vipuri vya malori, alitoka jikoni akifuta mikono. Mwanaidi alimwambia mimi ni nani. Akaniamkia, "Shikamoo, Bibi," akanitazama kwa namna ya mtu anayemwona aliyetajwa kwa muda mrefu. "Tulidhani ulishakufa," akasema. Akaniletea kigoda, akaingia ndani na kuwaambia watoto wake wazime redio. Nikakaa. Nikaliita jina la mwanangu, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwambia Mzee Mrisho, nikamweleza kwamba baba yake naye ameshalala.

Jua lilipopungua, yule mama alirudi, akachutama kando yangu, akauliza kwa adabu sana, akiogopa nisije nikamwelewa vibaya. Alisema siku hizi wezi wamekuwa wengi hapa mpakani, na kwa kuwa nimeshafika, na mapatano yametimia, kama itanipendeza, je, sasa ule mlango mdogo unaweza kufungwa?

Nilimwomba asiufunge kwanza.